Beberu Aliyefichwa Jikoni

Nyumbani, juu ya Baraka
9 Februari 1999

Kaka Isidore,

Assumani anavuka ziwa kesho na mtumbwi wake wa injini. Ameniambia niandike haraka na nisitie neno lolote la vita, maana barua anazobeba zinafunguliwa pande zote mbili za maji. Basi nitakuandikia habari za mbuzi. Sidhani kama kuna askari atakayekasirika kwa habari za mbuzi.

Sisi wazima. Mume wangu bado yuko Misisi kwenye machimbo, nasikia anapumua. Mama ni yule yule, anagombana na kuku.

Mbuzi wanakufa, kaka. Wale wakubwa wako wa masikio marefu, wale uliotuletea na mradi wa mifugo, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Dalili ni hizi. Chini ya taya unatokea uvimbe laini, kama mfuko wenye maji. Fizi zinakuwa nyeupe kabisa. Haharishi, hakohoi. Leo anakula, kesho kutwa amelala, hainuki tena. Mzee Bertin jirani yetu alikuwa na kumi na wanne. Leo asubuhi nimewaona watano.

Wa Mama hawafi. Vile vifupi vyake, ulivyokuwa ukiviita panya wenye pembe. Wako saba, nywele zinang'aa, na mmoja amezaa mapacha juzi. Usidhani wanachunga mahali pengine. Tangu wenye bunduki wakae mlimani hakuna anayethubutu kupeleka mnyama mbali. Mbuzi wa kijiji kizima wamejaa katika bonde moja kando ya mto, majani yale yale, maji yale yale.

Unaona mambo yanakoelekea? Mimi nilichelewa kuona. Jana nilifika mtoni, wanawake wote wakanipa mgongo. Chérie, mke wa Bertin, ambaye alinishikia mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, alibeba ndoo yake nusu akaondoka. Jioni Bertin mwenyewe akaja kwetu, akasimama mlangoni, hakutaka kiti.

“Mama Isidore,” akasema, “mbuzi yetu yote inakula pamoja. Juu ya nini ni ya kwetu tu inakufa?”

Mama akacheka, akamwambia, “Uulize mbuzi.” Kaka, alicheka peke yake.

Na jambo hili ndilo lililonitia baridi. Mbuzi waliokufa wanazikwa wazima wazima, bila kuchunwa. Wanasema mnyama aliyelogwa hapasuliwi, ukimpasua unamfungulia mchawi mlango wa tumbo lako. Watu wanakula majani ya muhogo bila chumvi, na wanafukia nyama ardhini!

Mama amenikataza kukuandikia haya. Wewe ndiye veterineri wetu, Dokta Mbuzi. Niambie ni nini, na niambie upesi.

Dada yako,
Émilienne


Kambi ya Lugufu, Kigoma
27 Februari 1999

Émilienne, dada yangu mwenye ulimi,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya unga, nikacheka kwa sauti uliposema Mama anagombana na kuku. Halafu nikaacha kucheka. Mama yangu, mchawi? Bertin huyo huyo aliyemzika baba yetu?

Sikiliza. Ni minyoo. Minyoo ya tumbo, ya kawaida kabisa, kila veterineri anaijua. Waambie ni minyoo, yatakwisha. Dawa huku sina, hata ya watu haitoshi.

Kwa nini wa Mama hawafi, hilo ni jambo refu la kitaalamu, na karatasi hii ni ndogo. Liache. La muhimu sasa ni kwamba watu wamepoteza na Mama hajapoteza, hilo ndilo linalowachoma. Basi Mama naye apungukiwe. Achinje mmoja mbele ya watu, yule aliyenona, agawe nyama nyumba kwa nyumba, aanze na ya Bertin. Moyo wa mtu hutulia akipata nyama. Nawafahamu watu wetu.

Usiniandikie tena kwa hofu. Msalimie Mama, mwambie nakonda lakini nina meno yote.

Kaka yako,
Isidore


Nyumbani
24 Machi 1999

Kaka,

Unawafahamu watu wetu! Ungekuwa hapa Jumamosi ungekimbia.

Tulifanya kama ulivyoandika. Niliwaambia ni minyoo, wakaniuliza minyoo gani inayochagua nyumba. Sikuwa na jibu, maana jibu ulilibakiza huko Kigoma kwa kuwa karatasi ilikuwa ndogo. Basi Mama akachinja yule jike mwekundu, mbele ya nyumba, mchana kweupe. Watu wakaja wote. Nikafurahi, nikadhani nyama inawavuta.

Alipopasuliwa, kila mtu alinyoosha shingo. Tumbo lilikuwa safi. Mafuta yalifunika figo zote mbili. Tangu vita vianze sijaona mnyama mwenye mafuta namna ile. Bertin alisogea, akachutama, akayagusa kwa kidole kimoja. Akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu wafu wake:

“Muone, bantu. Mafuta ya mbuzi yangu yote iko humu.”

Hakuna aliyepokea kipande. Hata kimoja, kaka. Nyama ilikaa juu ya majani ya mgomba mpaka nzi wakaijaa.

Ndipo Chérie akapaza sauti. “Na ule mwaka wa koleo? Beberu yetu yote ilihasiwa na Docta. Yote! Ni ya huyu mama tu aliificha mu jikoni. Juu ya nini aliificha? Alijua!”

Ni kweli, na kila mtu alikumbuka. Ulipita nyumba kwa nyumba na lile koleo la mradi, ukahasi mabeberu wote wafupi ili majike wapandwe na beberu mkubwa, na Mama alimficha wake. Ilikuwa kichekesho cha kijiji miaka yote hii. Jumamosi kiligeuka ushahidi.

Wakamuuliza. Unajua alivyojibu? “Nilimufichaka juu nilimupenda. Alikuwa na ndevu ya kizuri.” Mama yetu huyo! Angeweza kusema neno lolote lingine.

Wazee walikaa Jumatatu. Bertin amebakiwa na jike mmoja. Wamekata shauri hivi: huyo jike akiishi, wataliacha jambo. Akifa, Mama atapandishwa mlimani kwa wenye bunduki, wao ndio wanaohukumu siku hizi. Walipandishwa wanawake wawili kabla yake, kutoka vijiji vya jirani. Hakuna aliyeteremka.

Jana nilimwangalia huyo jike kupitia ua. Uvimbe umeanza chini ya taya.

Isidore, unajua kitu. Nilikaa na barua yako nikaisoma kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Uliandika “liache.” Mimi siliachi. Kwa nini wa Mama hawafi? Niandikie kila kitu, hata kama utaandika juu ya ngozi yako.

Émilienne


Lugufu
6 Aprili 1999

Dada yangu,

Unisamehe mwandiko. Ni mimi niliyesema achinje. Mungu wangu, ni mimi.

Karatasi ni hii moja. Juu ya mstari, wasomee watu wote. Chini ya mstari ni maneno yako peke yako; usome, ukate, uchome.

Kwa Mzee Bertin na wazee wote. Mimi Isidore, mliyekuwa mkiniita Docta, nawaambia mbuzi wenu hawakulogwa. Mchukueni mbuzi yeyote aliyekufa leo, msimzike, mpasueni. Mbuzi ana matumbo manne. Katika tumbo la nne, lile refu lenye mikunjo laini ndani, mtakuta minyoo myembamba kama uzi wa kushonea, yenye mistari miwili iliyosokotana, mwekundu na mweupe. Ule wekundu ni damu ya mbuzi. Minyoo hiyo inainywa mpaka fizi zinakuwa nyeupe na maji yanajaa chini ya taya. Wanaimeza kwenye majani mafupi yenye umande, hasa mahali wanapochungwa wengi pamoja, kama bonde lenu la sasa. Mbuzi wa Mama wanaimeza pia. Lakini ukoo wao umekula majani ya huko tangu enzi za mababu. Waliokuwa dhaifu walikufa zamani, wenye nguvu ndio waliozaa. Miili yao inaikataa minyoo. Wale wakubwa walizaliwa nchi kavu, mbali, ukoo wao haukuwahi kupigana vita hivi. Ni ukoo tu. Mama yangu hana mkono wowote.

_______________

Émilienne, nilijua. Mradi ulikuwa na hadubini, kile chombo cha kuonea vitu vidogo. Nilichukua kinyesi cha mbuzi wakubwa na cha wale wafupi nikakiangalia. Cha wakubwa kilijaa mayai ya minyoo, sikuweza kuyamaliza kuyahesabu. Cha wafupi, machache tu. Nikarudia mara tatu, nikitumaini nimekosea. Nilimwambia mkubwa wa mradi. Akasema dawa itakuja kila miezi mitatu, kwa hiyo hakuna shida, na nisiwachanganye watu. Sikuwachanganya. Nilikuwa mtu wa kwanza wa kwetu kupewa pikipiki. Watu walisimama nilipopita.

Kisha 1996 vita vikaja, dawa ikakatika. Siku niliyovuka ziwa nilijua watakufa. Nilijua pia nikisoma barua yako ya kwanza.

Mama asijue. Nakuomba, lolote, lakini hilo asijue.

Isidore


Nyumbani
29 Aprili 1999

Isidore,

Mama yu hai. Naandika hilo kwanza, uvute pumzi, halafu usome mengine.

Jike wa Bertin alikufa Jumatano asubuhi, tarehe ishirini na moja. Kabla jua halijapanda sana walikuja wanaume watatu na kamba, Bertin mmoja wao. Mama alikuwa anapepeta. Alinyoosha kitenge chake, akaniambia nisisahau kuwafungulia mbuzi, akawapa mikono wamfunge, akatoka kama mtu anayekwenda sokoni. Mimi nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini. Tukiwa njiani, mbele ya nyumba ya Bertin, nikamwona Assumani anapanda kilima, jasho limemlowesha, bahasha mkononi.

Niliifungua pale pale. Sikuisoma kwanza, sikukata kitu, wakati ulikuwa wapi? Nilianza kwa sauti: “Kwa Mzee Bertin na wazee wote.” Wakasimama. Nilisoma mpaka kwenye mstari wako, nikanyamaza.

Jike alikuwa amelala pale, shimo lake limekwisha kuchimbwa. Niliwaambia, mpasueni basi. Hakuna aliyesogea. Katekista Fabien, mtu wa Mungu, alirudi nyuma hatua mbili. “Mi siguse,” akasema, “nina batoto.” Wale watatu wa kamba wakaangalia pembeni.

Mama akasema, “Munipe kisu.”

Alipiga magoti kwenye matope na mikono yake iliyofungwa, ilibidi wamfungue. Akapasua. Akatoa tumbo la kwanza, la pili, la tatu, akayaweka pembeni kama mtu anayepanga vyombo. La nne alilifungua kwa ncha ya kisu, akaligeuza nje ndani.

Isidore, minyoo ilikuwa inacheza. Mamia, imesokotana, myekundu na myeupe, inajikunja juu ya ile ngozi, na mbuzi mwenyewe amekwisha kufa. Umati mzima ulitoa sauti moja. Chérie alitapika. Fabien alifanya ishara ya msalaba, tena na tena, hawezi kuacha. Bertin alikaa chini kwenye tope, pwaa, akashika kichwa. “Nimezika nyama,” akasema. “Nimezika kumi na tatu. Yangu. Na mi nilifunga huyu mama kamba.” Akalia vibaya sana. Sijawahi kumsikia mwanamume akilia hivyo, hata kwenye vita.

Mimi nilikuwa nalia na kucheka. Nilikuwa nimekunja barua yako, naiingiza kifuani. Ndipo Mama akaniangalia. Damu mpaka kwenye viwiko.

“Soma yote.”

Nikasema imeisha.

“Haiyaisha. Mi sijui kusoma, lakini macho yangu iko inaona. Wino iko chini ya ule mustari.”

Nikasema ni salamu tu. Akasema, “Basi soma salamu.” Watu wote walikuwa wananiangalia, na kwa kijiji ambacho dakika chache nyuma kilitaka kumuua kwa sababu ya kitu kilichofichwa, ningeficha vipi? Nilisoma. Sauti yangu niliisikia inatoka kwa mtu mwingine. Nilisoma mpaka “hilo asijue.”

Kisha Bertin akauliza, si kwa hasira, kama mtoto anayeuliza: “Docta alijua?” Akauliza tena: “Docta alijua?”

Mama alikwenda kunawa, alinawa mpaka maji yakaisha kwenye ndoo, na mikono ilikuwa imekwisha kutakata.

Tangu siku ile hajataja jina lako. Amempelekea Chérie jike mmoja na mwanawe, na beberu wake sasa anazunguka kijiji kizima kama mfalme. Watu wanamletea Mama unga, mayai, wanashika miguu yake. Anawainua wote. Lakini wenye bunduki wamesikia habari, nao wanauliza wewe uko wapi. Sikujua kama nikuonye au ninyamaze. Nimekuonya.

Mimi bado ni dada yako. Sijui kama bado nina hasira au nimechoka tu. Siku ile nilipokwambia unajua kitu, nilitamani niwe nimekosea.

Émilienne


Nyumbani
1 Mei 1999

Isidore, mutoto wangu,

Émilienne anaandika vile mi nasema. Nimemukataza kutengeneza maneno.

Baliniita mulozi mwezi mingi, sikulia. Mi najua bantu. Mbuzi ya muntu ikikufa, anatafuta wa kushika. Bertin alikuya akapiga magoti, nikamwambia simama, magoti yako ni ya muzee. Ile iliisha.

Juu ya minyoo sina neno. Juu ya kunyamaza, ulikuwa kijana, balikupatia pikipiki, na ile muzungu ama ile mukubwa alikuambia nyamaza. Nilikasirika siku mingi. Hasira ya mama, iko inapita.

Lakini iko kitu kimoja. Nakiuliza asubuhi, nakiuliza nikikama, kinanizuia kula. Ile siku ulikuya mu jikoni yangu na koleo. Nilikuwa nimeweka beberu nyuma ya kuni, nimefunika na kikapo. Ulitafuta, haukumuona. Ukacheka, ukaniita mama wa zamani mbele ya bale ba mradi, ukaenda. Ile siku ulikuwa umekwisha kuangalia mu ile chombo yako, ao ulikuwa bado?

Kama ulikuwa bado, basi ulikuwa mujinga sawa na sisi, na chakula yako iko hapa. Kama ulikuwa umekwisha, niambie vile vile. Usinitumie salamu. Nijibu ile tu.

Mama yako


Lugufu
17 Mei 1999

Mama,

Barua hii nimeiandika mara nne. Kila mara jibu lako linateremka mpaka chini ya ukurasa, na ukurasa unakwisha. Assumani ananingoja pwani na anatukana.

Kuhusu wenye bunduki, siwaogopi kuliko ninavyoogopa mlango wako. Kuhusu kurudi, wewe ndiye utakayesema, baada ya kusomewa haya. Na yasomwe mbele ya Bertin na Chérie. Safari hii sikuchora mstari.

Uliuliza kama nilikuwa nimekwisha kuona. Nilikuwa nimekwisha. Siku kumi na tisa kabla.

Na kuna jambo ambalo hukuuliza kwa sababu hulijui. Nilimwona. Mguu mmoja ulitokeza chini ya kikapo, na nilisikia anapumua nyuma ya kuni. Nilijua kwamba akihasiwa huyo, siku moja mama yangu hatabaki na mbuzi hata mmoja. Kwa hiyo nilicheka kwa sauti kubwa, ili wale wa mradi wasimsikie, nikakuita mama wa zamani, nikaandika kwamba humu hakuna beberu. Nikatoka.

Halafu nilivuka njia nikaingia kwa Mzee Bertin. Alinipokea kwa mikono miwili, Chérie akaniletea kiti na maji ya kunywa, na mabeberu wake wanne alinishikia yeye mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka nikamaliza.

Mwanao,
Isidore